Watoto wa Kupanga

2 Machi

Wamekuja. Wawili. Tulikubaliana mmoja. Mwanangu anasema ni ndugu wa tumbo moja na kituo cha watoto hakikutaka kuwatenganisha. Mkwe wangu anasema hata yeye ameshtukizwa, lakini vitanda viwili vidogo vimekaa chumba cha kati wiki nzima, na mimi si kipofu.

Wa kike ana miaka saba. Aliingia sebuleni akasimama, akatazama dari, akatazama makochi, akatazama kabati la vyombo, mwisho akanitazama mimi. Nimempa jina la Mkaguzi. Mdogo wake wa kiume hajatimiza mitatu. Alinijia moja kwa moja, akalishika gauni langu jipya, akalifutia kamasi, na hakuachia mpaka alipolala. Huyo ni Gundi.

"Mama, wasalimie wajukuu zako," mwanangu akasema.

Nikawauliza habari za safari. Hiyo pia ni salamu.

3 Machi

Mvua ya kwanza. Bati la chumba namba mbili linavuja palepale pa mwaka jana.

6 Machi

Niandike mambo yalivyo, maana humu ndani mimi peke yangu ndiye ninayeandika, wengine wanaongea tu. Nyumba ni yangu. Niliijenga kwa mshahara wa ualimu: nyumba yenyewe mbele, vyumba vinne vya kupangisha uani. Nimefundisha Kiswahili mpaka nilipostaafu, na wapangaji wote huniita Mwalimu. Mwanangu ni fundi wa mafriji. Mkewe anaoka mikate kwenye kiwanda cha mikate, anatoka giza bado halijaondoka, anarudi mchana ananuka hamira. Wana miaka tisa ya ndoa na hawajapata mtoto. Nilimshauri mwanangu kile ambacho mama yeyote angemshauri. Akanijibu nikirudia maneno yale atahama na mkewe, basi nikafunga mdomo, wakaenda zao kituoni.

Sasa mambo yako hivi: mke anaondoka alfajiri, mume anaondoka asubuhi, na mimi niliyemaliza kulea miaka mingi iliyopita ninabaki na watoto wa watu. Shule imesema itampokea Mkaguzi muhula ujao. Kwa hiyo ni mimi, wao, na mvua.

Afisa wa ustawi ametueleza utaratibu. Miezi mitatu ya kuangaliana. Atakuja, atazungumza na kila mmoja wetu peke yake, kisha ndipo hakimu ataamua. "Bila ridhaa ya mwenye nyumba itakuwa vigumu kuendelea," akaniambia. Sentensi hiyo niliipenda. Nitaulizwa, na nitajibu, na jibu langu ninalo tayari: hapana.

9 Machi

Barua ya afisa imekuja. Ina makosa manne, nimeyazungushia wino mwekundu. Anaandika "watoto watakaoasiliwa." Kuasili ndiyo nini? Neno limekuja juzi na nusu yake ni kuasi. Sisi tulifundishwa mtoto wa kupanga, na kamusi inakubali.

Asubuhi mama wa chumba namba tatu aliniuliza bombani, "Mwalimu, hawa wageni ni nani?" Nikamjibu kwa sauti inayosikika, maana sipendi minong'ono, "Si wageni. Ni watoto wa kupanga." Mkaguzi alikuwa hapo anakinga maji. Aliacha ndoo ikafurika akaniangalia.

"Funga bomba," nikamwambia. "Nakuonya."

11 Machi

Gundi ananikalia juu ya mguu. Nikisimama ananing'inia. Nimepika hivyo leo, mguu mmoja mzito.

14 Machi

Mkaguzi haongei, anauliza. Leo alikuja barazani nikichambua mchele.

"Bibi, mama wa namba tatu amekaa hapa muda gani?"

"Tangu hujazaliwa."

"Alifanya nini?"

"Hakufanya chochote. Ndiyo maana amekaa."

Akalitafuna jibu hilo muda mrefu, kisha akaondoka kwa kunyata. Anatembea kwa kunyata. Haangushi kitu, hachezi, hagombani na mdogo wake. Nilimwambia mkwe wangu kwamba mtoto wake ana kiburi.

"Anaogopa, Mama."

"Anaogopa nini? Sijamgusa hata ukucha."

Mkwe wangu akaendelea kukanda unga. Ana namna ya kunyamaza inayochosha kuliko matusi.

17 Machi

Mvua siku nzima. Nguo hazikauki, zinanuka.

19 Machi

Leo nimemtoa Kinyozi.

Kinyozi amekaa chumba namba nne karibu miaka miwili. Ana kibanda chake cha kunyoa kwenye kona ya barabara, anaheshimu watu, haleti fujo. Ila ana ugonjwa mmoja: akisikia mvua tu, anaingiza jiko la mkaa ndani na kupika mlango umefungwa. Dari ya namba nne ni ya mbao. Nilimwonya mara ya kwanza kwa upole. Mara ya pili nilimwonya mbele ya mwanangu. Leo nimefungua mlango nikakuta moshi umetanda na ubao wa dari umebadilika rangi. Nikamwambia hilo ni onyo la tatu, na katika nyumba hii halijawahi kuwepo la nne.

"Mwalimu, mvua hii niende wapi?"

"Ulikuwa na mwaka mzima wa kulifikiria hilo."

Wenzake walimsaidia kutoa godoro, wakaliegemeza getini likalowa huku wakisubiri mkokoteni. Lilikuwa godoro zuri. Sikufurahi, lakini ningefanya nini, nisubiri tuungue sote? Kinyozi aliniaga vizuri. Alipokwenda nikageuka, nikamkuta Mkaguzi amesimama mlangoni na Gundi mgongoni, anatazama lile godoro.

"Alionywa mara ngapi?" akauliza.

"Mara tatu. Watu wote humu huonywa mara tatu."

"Hata kama ni mdogo?"

Nikadhani anamsema Kinyozi, maana kweli ni kijana. Nikamwambia sheria haiangalii umri.

20 Machi

Nimeamka nikakuta uwanja umefagiwa, vikombe vimeoshwa na viatu vyangu vimepanguswa matope. Mkaguzi alikuwa amekaa kwenye ngazi, mikono magotini.

25 Machi

Anafua soksi za mdogo wake kabla sijaona kama zimechafuka. Anafagia mpaka chini ya kitanda changu. Nikinywa chai anasimama pembeni anasubiri kikombe. Mkwe wangu anasema, "Unaona Mama, ameanza kuzoea." Mwanangu anasema, "Unaona Mama, ana adabu."

Nimefundisha watoto maelfu na ninajua mtoto anayekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Huyu anataka kitu. Nasubiri niambiwe ni nini.

1 Aprili

Mwanangu sasa anarudi nyumbani jua bado lipo. Zamani nilikuwa nikimwekea chakula kinapoa, nakipasha, kinapoa tena. Leo alikuja na injini mbovu ya friji, akaifungua sakafuni, akampa Gundi bisibisi. Wakakaa pale wawili, mikono imejaa grisi. Kisha mwanangu akacheka. Kicheko hicho sijakisikia tangu baba yake alipofariki. Nilikuwa jikoni. Niliudhika, sijui kwa nini, nikaudhika zaidi kwa kuudhika.

Miaka yote hiyo nilimpikia mimi, na hakuwahi kunichekea hivyo.

8 Aprili

Sisimizi ndani ya nyumba. Nimewafuata kwa mstari wao mpaka chumba cha kati, mpaka chini ya godoro la Mkaguzi. Vipande vya mkate. Vingine vimeota ukungu, vingine bado vizuri, vimepangwa kwa ustadi kabisa. Mtoto wa mwoka mikate anaiba mkate.

Nilimwita nikamsimamisha mbele ya godoro. Hakukana. "Nakuonya mara ya pili," nikasema. Midomo yake ilibadilika ikawa ya kijivu. Nilidhani ni aibu, nikasema vema, aibu ni mwanzo wa adabu.

Mkwe wangu aliporudi tukagombana. Anasema kituoni walimweleza: watoto waliowahi kukosa chakula huweka akiba, na dawa yake ni kuwaachia mkate mahali wanapoufikia bila kuomba. Nikamwambia mimi nililelewa na njaa na sikulaza mkate kitandani. Akasema, "Mama, sikukuuliza ulilelewaje." Mara ya kwanza ananijibu hivyo. Nimekunja uso mpaka usiku, na yeye hakujali.

9 Aprili

Sijamsemesha mkwe wangu.

10 Aprili

Naye hajanisemesha.

12 Aprili

Mama wa namba tatu ananiambia, "Mwalimu, yule mtoto wako amenifulia ndoo nzima ya nguo. Nilimkatalia akasema niache tu, nikwambie nimeridhika naye." Nikamwambia watoto wana vituko. Lakini neno lile, kuridhika naye, limenikaa kichwani kama punje kwenye jino.

17 Aprili

Nianze mwanzo ili nisichanganye.

Mchana mvua ilikuwa inamwagika. Gundi alikuwa anazunguka meza. Chupa yangu ya chai, ile ya maua niliyopewa na wanafunzi siku ya kustaafu, ilikuwa ukingoni. Akavuta kitambaa. Ilipasuka kwa kishindo, chai ikatapakaa, kwa bahati haikumgusa. Nilipiga ukelele. Sitaandika yote niliyosema. Mwisho nilisema, "Nimechoka nanyi. Hili ndilo onyo la mwisho." Mkaguzi akachukua ufagio, akazoa vioo vyote, akapiga deki, akauliza kama kuna kitu kingine. Nikamwambia aondoke mbele yangu. Nikaingia chumbani kulala.

Nilipoamka nyumba ilikuwa kimya. Nikaita. Nikatazama chumba cha kati: vitanda vimetandikwa, mashuka yamenyooshwa bila kunyanzi moja. Nikatoka uani, nikagonga namba moja, namba mbili, namba tatu. Hakuna aliyewaona. Nikasimama getini na mwavuli, maji yananifika vifundoni, sijui niende kulia au kushoto. Moyo ulikuwa unanidunda masikioni. Nilijiambia ni hasira.

Mkwe wangu ndiye aliyetokea kwanza, anarudi kazini. "Wako wapi?" akauliza kabla hajafika, ameona uso wangu. Wakati huohuo Kinyozi akaonekana kwenye kona, anakuja kwa haraka, amembeba Gundi aliyefunikwa kile kitambaa cha plastiki cha kunyolea. Nyuma yake Mkaguzi, amelowa chapachapa, anaburuta foronya iliyojaa.

"Shikamoo, Mwalimu," Kinyozi akasema. Hata nilivyomtoa, shikamoo haikumpotea.

"Marahaba. Walikuwa wapi hawa?"

"Kibandani kwangu. Huyu mkubwa alisubiri kwa adabu nikiwa na mteja, kisha akaniuliza kama nilikohamia kuna chumba kingine, kidogo tu, cha watu wawili. Nikadhani utani. Akaniambia mdogo wake halii usiku, na yeye hapiki ndani."

Akampandisha Gundi begani.

"Nikamuuliza, kwani mnahamia nini? Akasema, sisi ni watoto wa kupanga, na leo tumepata onyo la tatu."

Mkwe wangu alimwangalia Kinyozi, akamwangalia mtoto, kisha akaniangalia mimi. Kutukanwa ninakujua, angenitukana ningejua pa kushika. Hakunitukana. Alipiga magoti kwenye matope, akaifungua ile foronya. Nguo za Gundi zilikuwa juu, zimekunjwa. Chini kulikuwa na mkate. Akaifunga tena, akamkumbatia yule mtoto, na yule mtoto akasimama wima mikononi mwake kama mlingoti, anasubiri aambiwe la kufanya.

Nikamkaribisha Kinyozi chai. Akashukuru, akasema amemwacha mteja kitini, kichwa kimenyolewa nusu.

18 Aprili

Mwanangu aliniita sebuleni kama anavyoitwa mwanafunzi.

"Mama, ulimwambia mtoto kwamba ni wa kupanga?"

"Nilisema Kiswahili sanifu. Kupanga mtoto ni neno la kamusi, lilikuwepo kabla yenu wote."

"Uliye na vyumba vinne vya wapangaji uani?"

"Maana ni mbili, zinatofautishwa na muktadha."

"Ana miaka saba, Mama. Muktadha wake ni godoro la Kinyozi."



19 Aprili

Nimejaribu kusahihisha. Nilimkalisha Mkaguzi mezani, nikamweleza taratibu, kama darasani. Kupanga kuna maana nyingi. Mtu hupanga chumba. Mtu hupanga vitabu kabatini. Na mtu hupanga mtoto, yaani anamchukua awe wake.

"Kwa hiyo tumepangwa kama vitabu?"

"Hapana."

"Kama chumba?"

"Hapana. Lile neno liache. Neno baya."

"Basi sisi ni wa nini?"

Nimefundisha lugha hii umri wangu wote. Nilikaa pale nikitafuta neno, na mtoto ananisubiri kwa adabu zake zile zinazoniudhi. Mwisho nikasema, "Nyinyi ni wa hapa."

"Kinyozi naye alikuwa wa hapa," akasema, akainuka, akaondoa kikombe changu kukiosha. Kilikuwa bado na chai.

23 Aprili

Mvua. Nyumba nzima inapita pembeni yangu. Gundi peke yake ndiye hajui kwamba nimekosana na watu, anaendelea kunikalia mguu.

28 Aprili

Afisa wa ustawi amekuja. Kijana mwembamba, viatu vimejaa matope, faili kwapani. Alizungumza na Mkaguzi chumbani, kisha na mwanangu na mkewe. Mkwe wangu alimweleza yote, neno la kupanga, maonyo, Kinyozi. Hakulazimishwa, angeweza kuyameza. Ndivyo alivyo, na leo nilitamani angekuwa vingine.

Nilipoitwa nikawakuta wote wamekaa, na afisa uso umemkunjamana.

"Mama," akaanza.

"Mwalimu."

"Mwalimu. Mtoto ameniambia anafanya kazi ili wasitolewe. Anawafulia mpaka wapangaji. Hili ofisi haiwezi kulifumbia macho. Naona ni vyema watoto warudi kituoni kwa sasa, wakati tunatafakari upya."

Mwanangu akasimama, akakaa. Mkwe wangu alishika ukingo wa meza, vidole vikawa vyeupe vya unga na vyeupe vya kukaza. Wala hakulia. Alisema tu, "Tafadhali," mara moja, kwa sauti ndogo.

Mlango haukuwa umefungwa. Mkaguzi alikuwa pale. Aliondoka bila kunyata, akarudi na viatu vya Gundi, akakaa sakafuni akaanza kumvisha. Alikosea miguu, akavua, akavisha upya. Hakuwa na chozi. Alimfunga kamba vizuri, akampangusa pua, akamsimamisha. Alikuwa kama mtu mzima anayeifanya kazi aliyoizoea.

Nafasi niliyoitaka tangu mwanzo wa Machi ilikuwa mbele yangu. Hata kusema hapana sikuhitaji. Ningenyamaza tu, na jioni ningekunywa chai yangu kwenye nyumba yangu kimya.

"Kijana," nikamwambia afisa, "kaa. Faili liweke chini."

"Mwalimu, mimi nime..."

"Kaa. Huyu mtoto anaamini kwamba akikosea mara tatu anatolewa. Sisi hapa tumeshinda wiki tunamwambia si kweli. Wewe sasa unataka kumchukua umthibitishie kwamba ni kweli, na kwamba alielewa sawasawa kabisa. Halafu utampeleka nyumba nyingine, na huko atafua nguo za mtaa mzima."

"Tatizo limetoka kwako, Mwalimu. Nisamehe, lakini ndivyo ilivyo."

"Kwangu, ndiyo. Neno ni langu, sauti ni yangu. Basi niandike mimi kwenye faili lako, usiwaandike wao. Mke wa mwanangu hajakosea kitu. Anaamka giza, anarudi amechoka, na bado anakaa sakafuni na hawa. Mimi ningeshindwa."

Sikumwangalia mkwe wangu nikisema hivyo. Ningemwangalia nisingemaliza.

Afisa akanitazama. "Unawapenda watoto hawa?"

Heri angeuliza swali lingine lolote. "Sijafika huko," nikasema. "Sikuwataka, na nilijiandaa kukwambia hivyo. Mdogo ananipaka kamasi. Mkubwa ananikagua mpaka nasahau ninachofanya. Lakini hii nyumba ni yangu, na anayetoa mtu humu ni mimi, si wewe. Na hawa siwatoi."

Afisa alifungua faili, akalifunga. Akasema atarudi mwishoni mwa Mei, na kama mtoto bado anafua nguo za watu, hatauliza tena. Kisha akaniuliza, kwa ajili ya kumbukumbu, kama ninaridhia.

"Andika nimeridhia. Na uandike vizuri, barua yako ya kwanza ilinitia aibu."

Mkaguzi alikuwa bado amemshika Gundi mkono, wamesimama, viatu vimefungwa. "Tunakwenda au hatuendi?" akauliza. Mkwe wangu alimwambia hawaendi. Hakuamini, hakumvua mdogo wake viatu mpaka tulipokula.

29 Aprili

Mkwe wangu amenisemesha. Ameniuliza chumvi iko wapi.

4 Mei

Nimemkataza Mkaguzi kufagia. Akauliza, "Nimekosea nini?" Nikamwambia hajakosea, ni mtoto, akacheze. Alitoka uani akasimama katikati, mikono imelegea, akicheza kusimama. Kuna kazi nyepesi zaidi ya hii.

9 Mei

Nimeweka kopo la biskuti rafu ya chini jikoni, nikalijaza mkate. Sikuambiwa na mtu. Yaani niliambiwa, lakini mwezi uliopita.

15 Mei

Kinyozi amepita kuuliza kama namba nne bado iko wazi. Nikamwambia hapana. Tunadaiwa shukrani naye sote, lakini jiko lake nalijua.

21 Mei

Jua, la kwanza baada ya wiki. Magodoro yote ya nyumba nje. Mkaguzi alipoona tunayatoa aliganda mlangoni. Mkwe wangu akamwita, akampa fimbo ayapige vumbi, akamwonyesha na langu limo, na la baba limo. Akayapiga yote, polepole. Langu alilipiga zaidi ya mengine.

29 Mei

Afisa karudi, kaangalia, kauliza wapangaji. Kisha tukaenda wote mbele ya hakimu, na hakimu akasaini. Mwanangu alilia kwenye ngazi za mahakama, jitu zima lenye grisi kwenye kucha. Mkwe wangu alikuwa anacheka na kulia kwa zamu. Akamwinamia Mkaguzi, "Umefurahi?"

"Ndiyo, asante," akasema Mkaguzi, kama aliyekaribishwa chai ugenini.

Jioni alikunja blanketi lake akaliweka miguuni, pembe nne sawasawa. Karatasi ya hakimu iko kabatini na mtoto bado ni mgeni. Sikumwambia mkwe wangu nilichokiona. Amefurahi, aache afurahi.

6 Juni

Shule inaanza Jumatatu na nywele za Mkaguzi zilikuwa hazipitiki. Mama yake alikuwa anapika, nikasema nitachana mimi. Nilimkalisha barazani kati ya magoti yangu. Nina mkono mzito, sikatai. Alivumilia upande wa mbele, shingo imekakamaa, hata pumzi sikuisikia. Nilipofika kisogoni kitana kikakwama, nikavuta, kikakwama, nikavuta tena.

Akaninyang'anya kile kitana akakitupa uani. Akasimama, akanigeukia, nywele nusu zimesimama na nusu zimelala, uso umemfura.

"Unaniumiza makusudi," akasema. "Una roho mbaya. Sitaki uniguse."

Mwanangu mwenyewe hajawahi kunisemesha hivyo. Nikamwambia aokote kitana. Akasema haokoti. Nikapandisha sauti mpaka mama wa namba tatu akachungulia, nikamwambia nitahesabu. Nikahesabu. Hakuokota. Akaniangalia tu, ananikodolea, ananichukia waziwazi, na nikasubiri aingiwe na ile hofu yake, aanze kutazama geti.

Geti hakulitazama. Alifungua kinywa chote akalia kwa sauti, mpaka Gundi naye akaanza bila sababu, kisha akanipa kisogo, akakimbilia jikoni kunishtaki kwa mama yake.